Mafuta ya Motokaa Katika Nchi ya Juu ya Kpandroma

Msafiri aondokaye Bunia asubuhi na kuelekea kaskazini, kwa barabara kuu namba 27 iendayo Mahagi, huona nchi ikiinuka kidogo kidogo mbele yake. Bunia penyewe pako juu, zaidi ya mita 1200 kutoka usawa wa bahari. Apitapo Iga Barrière, kisha Djugu, kisha Fataki, vilima vinazidi kukaribiana, mikalitusi inasimama mistari mistari kando ya njia, na upepo unakuwa wa baridi. Baada ya kiasi cha kilometa mia moja hufika sehemu za Kpandroma, mji wa soko katika sekta ya Walendu Pitsi, teritori ya Djugu, jimbo la Ituri. Hapo amekwisha kukaribia mita 2000. Jioni watu hujifunika makoti na mablanketi, na kila mama wa nyumbani ajua ya kwamba maharage ya Kpandroma yataka kuni nyingi kuliko maharage ya kando ya ziwa, maana katika nchi ya juu maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha.

Nchi hii ndiyo mgongo ugawao maji. Mvua inyeshayo upande wa magharibi huingia katika vijito vya Ituri, ikashuka mpaka mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Mvua inyeshayo upande wa mashariki huteremkia Ziwa Albert, ikafuata Nili hata Misri. Wenyeji wake hasa ni Walendu, na jirani zao ni Wahema na Waaluri. Udongo ni mwema. Viazi vya Ulaya, kabichi, maharage na mahindi hutoka huku kwenda kulisha watu wa Bunia.

Lakini viazi havina miguu. Ndiyo maana leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni mafuta ya motokaa na pikipiki. Katika mji kama Kpandroma karibu kila kazi imefungwa katika mafuta hayo. Kwa hayo kinu husaga unga, viazi hufika Bunia, simu hutiwa umeme, na mgonjwa hupelekwa katika hospitali ya Rethy iliyo jirani. Wengi hutuuliza: "Mwalimu, ni petroli ya namna gani iliyo bora? Ile ya bei kubwa yafaa kuliko ile ya kawaida?" Jibu lake laweza kuokoa fedha, na mara nyingine laweza kuokoa maisha.

MAJINA YADANGANYAYO

Kwanza hatuna budi kupatana juu ya majina, maana hapa mpakani majina huwapoteza wageni. Mtu wa Uganda, Kenya au Tanzania asemapo "petroli", ana maana ya mafuta mepesi yachomwayo katika pikipiki na motokaa ndogo. Lakini Kongo imepokea maneno yake kwa Wafaransa na Wabelgiji. Huku mafuta hayo mepesi huitwa esanse. Mafuta ya malori huitwa mazutu. Na neno petroli huachiwa mafuta ya taa. Basi mgeni avukaye mpaka wa Goli na kuomba "petroli" kwa mchuuzi wa Mahagi au Kpandroma, asistaajabu akimiminiwa mafuta ya taa. Hakuibiwa, ameomba mwenyewe. Katika makala hii tutatumia neno esanse kwa mafuta ya pikipiki, na mafuta ya taa kwa yale ya taa, ili tusichanganye watu.

Tena tukumbuke ya kwamba injini ya esanse na injini ya mazutu ni ndugu wasiokula chakula kimoja. Katika injini ya esanse cheche ya plagi, au buji kama mafundi wa Bunia wasemavyo, ndiyo iwashayo moto. Katika injini ya mazutu hakuna cheche. Hewa yenyewe hukandamizwa mpaka ikawa moto sana, na mafuta yakipulizwa ndani huwaka yenyewe. Atiaye esanse katika motokaa ya mazutu huiharibu pampu yake, kwa sababu pampu hiyo hulainishwa na mazutu yale yale. Aliyekosea hivyo asiwashe injini hata kidogo, bali atoe mafuta yote kwanza.

SAFARI NDEFU YA ESANSE

Mtu asimamaye katika ukingo wa mashariki wa nchi hii ya juu aweza kuliona Ziwa Albert chini yake. Chini ya ziwa hilo na ng'ambo yake kuna mafuta mengi. Uganda ilitangaza kuyagundua mwaka 2006, na bomba la kilometa 1443 likakusudiwa kuyapeleka kutoka Hoima hata Tanga, katika pwani ya Tanzania. Wengine husema, "Basi sisi tumekaa juu ya esanse." Sivyo. Kilichomo ardhini ni mafuta mabichi, meusi na mazito. Kama vile muhogo mchungu usivyolika mpaka uloweshwe, ukaushwe na kusagwa, ndivyo mafuta mabichi yasivyofaa kitu katika pikipiki mpaka yapite kiwandani.

Kiwanda cha Mombasa kilichosafisha mafuta ya namna hiyo kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Kwa hiyo esanse ya Kpandroma hutoka ng'ambo ya bahari ikiwa imekwisha kusafishwa. Inayopita Mombasa huenda kwa bomba mpaka magharibi ya Kenya, kisha kwa malori ya tangi huvuka Uganda, hupita Pakwach na Nebbi, hufika Goli na Mahagi, ndipo hupanda milima yetu. Toka bahari ya Hindi mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1500. Mafuta mengine huja Bunia kwa njia ya Kasindi na Beni, na mengine kwa mitumbwi ya ziwa mpaka Kasenyi na Tchomia.

Katika safari hiyo esanse hubadili chombo mara nyingi: meli, bomba, tangi, pipa, bidoni, na mwisho chupa ya bia juu ya meza ya mchuuzi. Katika miji mingi ya Kongo wachuuzi hao wamepewa jina la utani "Kadhafi", kwa kukumbuka yule mtawala wa Libya, nchi yenye mafuta mengi. Kila mahali inapobadili chombo, panaweza kuingia maji, vumbi, au mkono wa mtu asiye mwaminifu.

Tusisahau pia taabu ya nchi. Tangu Desemba 2017 machafuko yamewatesa sana watu wa Djugu. Vijiji vimechomwa na watu wengi mno wamekimbia makwao. Barabara ikifungwa, mafuta hupungua. Mafuta yakipungua, bei hupanda. Na bei ikipanda, mchanganyaji hupata nafasi yake.

NAMBA NI NINI?

Katika nchi tajiri msafiri hufika penye pampu akakuta namba zimeandikwa. Ulaya ataona 95 na 98, na mahali pengine 91. Marekani ataona 87, 89, na 91 au 93. Asidhani ya kwamba Wamarekani hutumia mafuta dhaifu. Njia ya kuhesabu si moja, na 87 ya Marekani ni karibu sawa na 91 ya Ulaya. Katika Kenya na Uganda pampu nyingi zina esanse moja ya kawaida, na kando yake penginepo aina ya bei zaidi, kama ile ya Shell iitwayo V-Power.

Namba hizo huitwa namba za okteni. Watu wengi hufikiri ni namba za nguvu, kana kwamba lita moja ya 98 ina moto mwingi kuliko lita moja ya 91. Hilo ni kosa. Namba ya okteni hupima uvumilivu. Katika silinda pistoni huikandamiza hewa iliyochanganyika na esanse. Kisha cheche huiwasha, na moto hutembea kwa taratibu kutoka kwenye plagi hata mwisho wa silinda. Lakini ikiwa esanse haina uvumilivu, sehemu ile ambayo moto haujaifikia huchoka kungoja. Kwa joto na kukandamizwa hulipuka yenyewe kwa ghafula. Dereva husikia mlio kama changarawe zikitikiswa katika kopo. Mafundi husema injini inagonga. Ikigonga siku nyingi, pistoni hutoboka.

Mwaka 1926 mtaalamu wa Marekani, Graham Edgar, alitafuta njia ya kupima uvumilivu huo. Alichukua aina mbili za mafuta: moja, hepteni, igongayo upesi sana, akaipa sifuri, na nyingine, isookteni, ivumiliayo sana, ikapewa 100. Esanse ikigonga sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za isookteni na 5 za hepteni, basi huitwa 95. Ndiyo maana yote ya namba ile.

Kwa hiyo injini yenye kukandamiza sana yataka namba kubwa. Injini yenye kukandamiza kwa kiasi haiihitaji. Kuitia namba kubwa injini isiyoihitaji ni kama kumvalisha mchukuzi viatu vya dansi. Hatakwenda upesi zaidi. Mwaka 2016 chama cha wenye motokaa wa Marekani, AAA, kilipima jambo hili kwa vyombo katika motokaa zilizotengenezwa kwa esanse ya kawaida. Hakikuona nguvu zaidi iliyo ya maana, wala mafuta kupunguka, wala moshi kuwa safi zaidi kwa sababu ya namba kubwa. Anayejua jambo hili ni kitabu cha mtengenezaji, na mara nyingi namba imeandikwa pia ndani ya kifuniko cha tangi. Kikisema 91, tia 91 na utulie. Kikisema lazima 95, basi usidharau, hasa kama injini ina turbo.

DAWA YA ZAMANI ILIYOUMIZA WATOTO

Wazee watakumbuka ya kwamba zamani esanse ya "super" ilisifiwa kila mahali. Yafaa tujue uvumilivu ule ulitoka wapi. Desemba 1921, katika maabara ya kampuni ya General Motors huko Dayton, Marekani, Thomas Midgley na wenzake waligundua ya kwamba dawa yenye madini ya risasi, ikitiwa kidogo tu katika esanse, huzuia injini isigonge. Ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda cha dawa hiyo huko Bayway, New Jersey, walirukwa na akili wakafa. Hata hivyo biashara iliendelea, na kwa miaka mingi dunia nzima ilipumua risasi itokayo katika moshi wa motokaa. Risasi hudhuru ubongo, na watoto ndio waumiao kwanza.

Juni 2001 wajumbe wa nchi za Kiafrika walikutana Dakar wakaazimia kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 nchi zote za kusini ya Sahara zilikuwa zimeacha kuuza esanse ya risasi. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Siku hizi uvumilivu wa esanse hupatikana kwa njia nyingine za kiwandani. Tumetaja habari hii ili msomaji asivutwe na jina tamu lililoandikwa juu ya pampu. Ulizeni daima: kimetiwa nini ndani?

MILIMA HUFICHA UBAYA

Sasa turudi Kpandroma, maana nchi ya juu ina siri yake. Kwenye mita 2000 hewa ni nyepesi. Mkandamizo wake ni kiasi cha sehemu nne katika tano za ule wa pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo zaidi, kwa hiyo hupoteza kama sehemu moja katika tano ya nguvu zake. Ndiyo sababu pikipiki iliyokimbia vizuri Kasenyi, penye mita kama 620, huonekana mvivu ikipanda kuja huku. Dereva hulaumu esanse na kutafuta iliyo ya bei kubwa. Bure! Namba kubwa haiongezi hewa. Kama pikipiki ina kabureta na plagi yake imekuwa nyeusi kwa masizi, dalili ni kwamba mafuta yamezidi hewa. Fundi aweza kuirekebisha kwa muda mfupi.

Tena, kwa kuwa hewa ni chache, injini ya namna hiyo hukandamiza kidogo zaidi, na haigongi upesi. Kwa sababu hiyo katika milima ya Rocky, huko Marekani, wameuza kwa miaka mingi esanse ya namba 85, chini ya ile ya nchi tambarare. Desturi hiyo ilianza zamani za kabureta. Lakini angalieni hatari iliyojificha. Esanse mbaya, iliyochanganywa, yaweza kwenda kimya Kpandroma bila kugonga hata kidogo. Mwenye pikipiki ataisifu. Atakapoteremka ziwani katika joto, amepakia magunia ya samaki, na kuanza kupanda tena, hapo ndipo changarawe zitalia ndani ya injini. Ukimya wa milimani si ushahidi wa wema wa mafuta.

MEZA YA MAMA NA KARATASI NYEUPE

Hivyo twafikia neno letu kuu. Katika Kpandroma hakuna anayesimama kuchagua kati ya 91, 95 na 98. Kuchagua kwetu ni kati ya esanse safi na esanse iliyochafuliwa. Swali si namba; swali ni uaminifu.

Tulipokuwa sokoni tuliona jambo lililotupendeza. Kijana mwenye pikipiki ya abiria alisimama penye meza ya mama mmoja, ambapo chupa zilipangwa juani. Nyuma ya kijana alikaa mzee mgonjwa, ameshikwa na binti yake.

"Jambo, Mama," alisema kijana. "Naomba lita mbili za bidoni lililofungwa, si za chupa."

"Mwanangu, za chupa ni rahisi."

"Ni kweli, Mama. Lakini nampeleka huyu baba Rethy. Nikisimama mlimani, nani atamfikisha?"

Mama hakukasirika. Alifungua bidoni lililokuwa kivulini, akaweka kitambaa safi katika faneli, akamimina. Kijana akachovya kidole, akadondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe ya daftari, akaipepea. Punde tone likatoweka, na karatasi ikabaki kavu. Akalipa, akaenda zake.

Kijana yule hakusoma kemia, lakini alijua. Esanse safi hukauka upesi, wala haiachi alama ya mafuta. Iliyochanganywa na mafuta ya taa au mazutu huacha doa lenye utelezi lisilokauka upesi. Mafuta ya taa yana okteni ya chini sana. Yakitiwa katika esanse, hushusha uvumilivu wake, injini hugonga, plagi huchafuka, na mafuta yasiyochomeka huteremka kuharibu oili. Maji nayo hujulikana kwa urahisi: tia esanse katika chupa nyeupe, iache itulie, maji, kwa kuwa ni mazito, hukaa chini. Rangi peke yake usiiamini. Na chupa iliyokaa juani siku nyingi hupoteza sehemu zake zilizo nyepesi, hata pikipiki ikakataa kuwaka asubuhi ya baridi.

Serikali za jirani zimepigana na uchanganyaji huu. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kutia alama ya siri katika mafuta, ili mkaguzi atambue yaliyoghushiwa. Mwaka 2011 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Septemba 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa nia hiyo hiyo. Lakini ushuru huo ulimwangukia pia maskini ambaye taa yake ni ya mafuta. Twaona basi jinsi udanganyifu wa wachache ulivyotozwa kodi kwa wote.

TAA YA NYUMBANI

Uharibifu wa injini ni hasara ya fedha. Kuna ubaya ulio mkubwa zaidi, na hapa twawasihi akina baba na akina mama wasikilize. Yule atiaye mafuta ya taa katika esanse huharibu pikipiki. Lakini esanse ikiingia katika mafuta ya taa, kwa hila au kwa bidoni lisilosafishwa, huchoma nyumba.

Sababu yake ni hii. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuweza kuwaka mpaka yapate joto la digrii 38 au zaidi. Esanse hutoa mvuke huo hata kwenye digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Kpandroma haijapata kuijua. Maana yake, popote esanse ilipo, mvuke wake upo tayari kushika moto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, chini ya mlango, mpaka penye mafiga. Taa iliyotiwa mafuta yenye esanse hata kidogo yaweza kulipuka mikononi mwa mtoto anayesoma somo lake. Ajali za namna hii zimetokea katika nchi nyingi za Afrika, na wanaoungua mara nyingi ni wanawake na watoto, kwa kuwa wao ndio washikao taa na jiko.

Ukumbukeni pia ule mchanganyiko wa majina tuliousema mwanzoni. Mtoto aliyefika toka Uganda, akitumwa dukani kununua mafuta ya taa, aweza kuleta esanse kwa sababu ya neno moja tu. Mwambieni wazi: "mafuta ya taa". Bidoni la esanse lisitumike kwa mafuta ya taa hata siku moja. Liwekewe alama nyekundu. Lisiwekwe jikoni wala chumbani pa kulala, wala katika chupa ambayo mtoto aweza kudhani ni ya kinywaji. Usijaribu mafuta kwa kiberiti. Usijaze taa inayowaka. Wala usifyonze esanse kwa mdomo kwa mpira, kama vijana wengi wafanyavyo, maana tone likishuka katika pafu huliunguza. Mtu aliyemeza esanse asitapishwe, bali apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu katika kutapika mafuta huingia pafuni.

SHAURI LETU

Kwa mwenye pikipiki au motokaa ya kawaida shauri letu ni fupi. Soma kitabu cha injini yako, tia esanse ya kawaida kama ndiyo kinachosema, wala usitoe fedha kwa jina kubwa. Fedha utakazobakiza, nunua chujio jipya na plagi safi, na umpe fundi haki yake. Chagua mchuuzi mmoja unayemjua, ujaribu mafuta yake kwa karatasi, na ukimwona mwaminifu usimwache kwa sababu ya faranga chache. Wahenga walisema, rahisi ni ghali.

Kwa mchuuzi twasema hivi. Yule anayesimama mbele ya meza yako hana pampu nyingine wala mkaguzi wa kumtetea. Hajui kilichomo katika chupa, wewe wajua. Kikombe kimoja cha mafuta ya taa katika bidoni lako kitakupa faida ndogo jioni ya leo. Lakini hujui ni pikipiki gani itakayozimika mlimani kwa ajili yake, wala ni mgonjwa yupi aliyekuwa juu yake. Esanse imevuka bahari na nchi tatu ikafika mezani pako ikiwa safi. Isichafukie mkononi mwako.